Jogoo wa Bibi Tsitsino

Nilizaliwa Kutaisi, miaka ile umeme ulipokuwa mgeni:
waja saa tisa usiku, haupigi hodi,
wakaa saa mbili, waondoka bila kuaga.
Mtaa mzima ungepiga kelele, "Umekuja!"
na mama, macho yamemvimba,
angeikimbilia pasi kabla hajavaa ndala.
Shuka, sare, hata leso za marehemu babu.

Mimi nilikaa chini ya balbu.
Sikusoma. Nilitazama tu
jinsi meza ilivyopata kona zake,
jinsi kovu la kidevuni mwa mama
lilivyorudi mahali pake.

Baba alisema, "Umeme? Huo huo uliomuua Zauri nguzoni?
Soma ufamasia."
Nikaenda kwenye ukumbi wa maigizo, mlango wa nyuma,
ambako Gocha, mwenye kidole gumba
kilichoungua hadi kukosa alama,
aliniuliza swali moja:
"Wataka kuonekana?"
Nikasema la.
"Vema. Wanaotaka kuonekana huingilia mbele."
Akanipa ufagio.

Ufagio, wiki sita.
Kisha nyaya: kuzikunja zisijifunge fundo,
kwa subira ya anayemsuka mtoto asiyetulia.
Kisha spana, na kamba ya kuifungia mkononi,
kwa kuwa kinachoanguka toka juu
hakichagui kichwa.
Halafu ngazi. Mita tisa. Magoti yaligongana.
Huko juu vumbi lanuka nywele zilizoungua,
na mfalme, kumbe, ana kipara.

Siku za kulenga taa nilisimama mahali pa malkia,
taa ipate uso wa kuupata.
"Songa kushoto. Inua kidevu. Usipumue."
Nikang'aa kuliko bibi harusi
mbele ya viti mia nne vitupu.
Malkia akaja, nikarudi gizani na kikombe changu cha chai.
Sikuona uchungu.
Naam, kidogo. Jumanne moja hivi.

Filamu ilipofika kwetu Imereti
walitaka alfajiri, na waliitaka saa tano ya usiku.
Mwongozaji akasema, "Nipe asubuhi ya mtu aliyesamehewa,"
akaenda kula.

Asubuhi ya aliyesamehewa ni wati ngapi?
Nilisimamisha taa kubwa uani kwa Bibi Tsitsino,
nikabandika karatasi ya rangi ya kaharabu, nikaibandua:
nyekundu mno, hiyo ni jioni, hiyo ni kuaga.
Nikaweka iliyopauka zaidi, na mbele yake
shuka la mama la kuchujia mwanga,
lile lile, lililopigwa pasi hadi nyuzi zikachoka.
Nikapandisha polepole.
Ukuta ukavuta pumzi.
Mzabibu ukaandika kivuli chake kitandani.
Mwigizaji akafumbua jicho moja,

na jogoo wa Bibi Tsitsino akawika.

Aliwika kwa imani yote, mara tatu,
akashuka toka darini akidai mahindi.
Fundi wa sauti alitupa vifaa vya masikioni.
Mwongozaji alishika kichwa.
Bibi akatoka na shali yake, akiilaani saa ya ukutani.
Na Gocha, mstaafu, aliyekuja tu kulinda jenereta,
alicheka mpaka akakaa matopeni.
"Diploma yako hiyo," akasema.
"Usimwombe mwingine aigonge muhuri."

Malipo yalichelewa miezi minne.

Filamu ilipotoka nilimpeleka mama.
Nikamnong'oneza, "Mimi ni ule ukingo wa shavu. Pale."
Akakodoa macho. "Pale hapana mtu."
"Ndiyo mimi."
Akaupapasa mkono wangu, lengelenge baada ya lengelenge,
asiseme neno hadi majina yote yalipokwisha kupita.

Siku hizi Kutaisi umeme upo mchana na usiku.
Lakini nikirudi kazini saa tisa
namkuta jikoni, pasi yafuka mvuke.
"Wasije wakaukata," asema.
Sibishani naye.
Nazima taa ya dari, nawasha ile ndogo ya pembeni,
naigeuza kidogo, kidogo tena,
mpaka kovu lirudi.